Bibi yako baba yake alitoka wapi? Namna ya kufuatilia ukoo wa mwanamke mwenye asili ya ng'ambo, kwa sisi wa Dodoma

Naandika hii kwa sababu kila nikikaa msibani au harusini kuna mtu ananivuta pembeni, "we si ndo uliyetafuta ukoo wa bibi yako, hebu nielekeze na mimi". Haya, naelekeza. Ntasema nilivyofanya na pale nilipopotea ntasema nilipotea, maana nilipotea miaka miwili mizima.

Bibi yangu mzaa mama kazaliwa Mpwapwa, akaolewa Dodoma mjini, amezeekea Chang'ombe. Baba yake alikuwa Mwarabu mwenye kiduka, mama yake Mgogo. Mpaka hapo ndo tulikuwa tunajua. Ukiuliza Mwarabu wa wapi unajibiwa "Mmanga huyo", yaani Mwarabu wa Oman, mazungumzo yamekwisha, chai inaletwa.

Kabla hujaanza, jua kwamba ukoo wa mwanamke haufuatiliki kama wa mwanaume. Mwanaume jina linamfuata shuleni, kazini, kwenye kiwanja, mpaka kaburini. Mwanamke akiolewa anakuwa mke wa fulani, akizaa anakuwa mama fulani, akizeeka ni bibi wa pale kona, na lile jina alilopewa na baba yake linabaki kwenye vichwa vya watu watatu wanne. Mimi nilikuwa mtu mzima ndo nikalijua jina kamili la bibi, na nimelelewa mgongoni kwake! Kwa hiyo kila hatua hapa chini utauliza mara mbili, upande wa baba yake na upande wa mama yake, hata kama huo wa pili kila mtu anakwambia "wale ni wenyeji tu hawana historia". Hilo ntalirudia huko mbele.

Hatua ya 1: anza na aliye hai, intaneti baadaye

Watu wengi wanaanza kwa kuandika jina la ukoo kwenye simu, wanapata watu elfu kumi wasiowahusu, wanakata tamaa. Intaneti haimjui bibi yako. Anayemjua ni yeye mwenyewe, ndugu zake, mawifi zake na mashoga zake, na hao wanaondoka kila kiangazi.

Nenda asubuhi wakati hajachoka. Usiende na fomu. Mimi siku ya kwanza nilikwenda na daftari jipya na kalamu mbili kama karani wa sensa, nikamuuliza bibi jina la babu yake mzaa baba na alikotoka, bibi akaninyamazia, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "kwani wametutaka tuondoke?" Nilijisikia vibaya sana. Sasa ndo nikaelewa, mtu mwenye asili ya nje ameshaulizwa maswali hayo maisha yake yote na watu wa ofisini, kwenye pasipoti, kwenye kitambulisho cha taifa, "babu yako kazaliwa wapi, una uthibitisho gani", na kila swali lilikuwa linataka kumtoa mahali. Kwa hiyo mwambie mapema kabisa unauliza kwa ajili ya wajukuu, hakuna serikali hapo. Na kweli isiwepo, usichanganye kutafuta ukoo na kutafuta makaratasi ya uraia siku moja, fanya kimoja kwanza.

Mara ya pili nilikwenda kuchambua naye mlenda. Saa mbili. Sikuuliza hata swali moja la ukoo, nilimuuliza tu kama baba yake alikuwa anakula mlenda. Akacheka, akasema alikuwa anakula ila na samaki mkavu wa kutoka pwani aliyekuwa anauziwa na mtu wa treni, na mama yake alikuwa hapendi harufu ya yule samaki, na hapo akaanza kusema mwenyewe, nikabonyeza rekodi (niliomba ruhusa, akasema "rekodi tu, nife sauti ibaki").

Maswali yanayofungua mdomo ni ya namna hii. Baba yako akikasirika alikuwa anatukana kwa lugha gani? Alikuwa anauza nini? Nani alikuwa anakuja kulala kwenu akitoka safari? Barua alikuwa anaandikia wapi, na nani alikuwa anamsomea zikija? Akiumwa anatibiwa na nani? Ukiuliza "kabila lake nini" utapata neno moja. Uliza alichokuwa anapika sikukuu utapata nusu saa.

Mwaka usimuulize, muulize tukio. Wazee wetu hawakuhesabu kwa kalenda ila wanakumbuka vizuri nani alikuwa anatambaa wakati wa nini. Kwa Ugogo tunayo matukio ya kushikilia. Kuna Mtunya, ile njaa kubwa iliyoanza mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia ikafika mpaka 1920, kila ukoo wa Kigogo una hadithi yake. Kuna karanga za Kongwa, mradi wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951, matrekta, ajira, watu kutoka kila pembe. Kuna Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, operesheni ya vijiji mwanzoni mwa miaka ya sabini, makao makuu kutangazwa kuhamia Dodoma 1973. Bibi alisema mdogo wake anayemfuata kazaliwa wakati matrekta ya karanga yanapita, na yeye wakati huo alikuwa ameshaanza kutumwa dukani peke yake lakini hajaanza kufunga Ramadhani yote. Ukipiga hesabu hapo kazaliwa kama 1940 hivi, toa moja ongeza mbili. Cheti chake kinasema 1 Januari 1945. Ukiona tarehe 1 mwezi wa 1 au 1 mwezi wa 7 kwenye cheti cha mzee, jua kuna mtu alikadiria mezani.

Hatua ya 2: wanawake wenzake

Hii fupi ila usiiruke. Baada ya bibi tafuta mawifi zake, somo yake kama yupo, na yule shoga aliyesimamia harusi yake. Wanaume wa ukoo watakupa orodha ya majina ya kiume iliyonyooka kama reli. Wanawake watakupa nani alizaa kabla ya ndoa, nani alinyonyeshwa na nani, nani aliachwa akarudi kwao, na huko kwao ni wapi. Ile ya pili ndo inakufikisha. Wifi yake bibi, mama mmoja wa Majengo mwenye miaka themanini na kitu na kumbukumbu kali kuliko simu yangu, ndo aliyeniambia kwamba babu (ntamuita hivyo huyo baba yake bibi) alikuwa na dada aliyekuja naye kutoka ng'ambo, akaolewa Tanga. Wanaume wote niliowauliza hawajawahi kumtaja huyo dada. Hata mmoja.

Hatua ya 3: majina, hapa kaa sana

Hapa ndo nilipotea kwa hiyo ntaeleza taratibu.

Majina yetu Waislamu wa zamani yalikwenda kwa mnyororo: Fatuma binti Awadh bin Salum, yaani Fatuma, mtoto wa Awadh, mtoto wa Salum. Jina la ukoo lenyewe, lile linalosema mtu katoka wapi, lilikuwa linakaa mwishoni na ndo lililokuwa la kwanza kukatwa na karani kwa sababu fomu ina nafasi tatu. Ukikutana na majina matatu tu, la tatu kwa kawaida ni babu, siyo ukoo. Watu wanatafuta "ukoo wa Salum" miaka na miaka kumbe Salum ni mzee mmoja tu.

Sasa kwenye hati ya kiwanja ya zamani ya Mpwapwa babu ameandikwa jina lake, halafu herufi B. na nukta, halafu jina lingine. Sote tukasoma "bin". Mimi nikaenda kutafuta mtoto wa huyo wa pili, nikatafuta Oman, kwa sababu si tumeambiwa Mmanga? Nikawaandikia watu, nikauliza wenye ndugu Muscat, nikasumbua watu mpaka usiku. Miaka miwili.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa barazani kwenye kahawa pale Uhindini. Hakuniuliza jina wala hati. Aliniuliza, "babu yako alikuwa anasali mikono kaishusha au kaifunga?" Nikacheka, nikamwambia mzee mimi sikuzaliwa. Akasema basi kamuulize aliyezaliwa. Nikampigia bibi palepale, bibi bila kufikiri akasema "anafunga kifuani, kama sisi". Mzee akanywa kahawa yake akasema "huyo siyo Mmanga, huyo Mshihiri".

Maana yake ni hii. Waarabu wengi waliotoka Oman ni Ibadhi, na Ibadhi wanasali mikono imeshuka. Waliotoka Hadhramaut, kusini mwa Yemen, ni Sunni wa madhehebu ya Shafii kama Waislamu wengi wa pwani yetu, wanafunga mikono. Hao tuliwaita Washihiri kwa sababu ya bandari ya Shihr. Siyo kipimo cha asilimia mia, Oman kuna Sunni pia, lakini kama kila kitu kingine kimekwama hiki kitakusogeza. Na watu wa bara walikuwa wanawaita Waarabu wote Wamanga tu, kama tunavyomuita kila mwenye duka Mpemba.

Nikarudi kwenye hati. Ile B. haikuwa "bin". Ilikuwa mwanzo wa jina la ukoo. Koo nyingi za Hadhramaut zinaanza na "Ba", mfano Bawazir, Bajaber, na karani akaona Ba ni kifupi cha bin, akaweka nukta akaendelea na maisha yake. Kwa upande wa Oman utakutana na majina ya Al, kama Al Harthy, Al Barwani, Al Riyami. Jina la ukoo wetu sitaliandika hapa ila lipo kwenye hizo za Ba, na siku nilipolisoma kwa sauti mbele ya bibi akasema "ee, hilo baba alikuwa analitaja akisalimiana na wageni, nilidhani ni salamu".

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi, andika kila namna jina limewahi kuandikwa, hata kama ni makosa. Awadh, Awadhi, Awad, Auadh. Wajerumani nao waliandika kwao, "sh" wanaandika "sch", kwa hiyo Mshihiri ukimtafuta kwenye karatasi za Mjerumani utampata kwa Sch. Weka hiyo karatasi kwenye simu, kila ofisi utakayokwenda unaitoa.

Hatua ya 4: makaratasi, kwanza ya ndani

Omba kufunguliwa sanduku. Kila bibi ana sanduku au begi la chuma chini ya kitanda. Usichambue peke yako, mwache yeye atoe kimoja kimoja akuambie. Unachotafuta ni cheti cha ndoa, hati ya nyumba, leseni ya duka ya zamani, risiti za kodi, barua, bahasha (muhuri wa posta una mji na tarehe, bahasha tupu ni mali), Kurani au kitabu chochote chenye maandishi kwenye jalada la ndani, maana wengi waliandika humo tarehe za watoto kuzaliwa. Piga picha mbele na nyuma, mchana, karibu na mlango. Usiweke plastiki ya moto juu ya karatasi ya zamani, nimeona mtu kaharibu barua ya babu yake stesheneri akidhani anaitunza.

Tarehe za Kiislamu zisikutishe. Mwaka wa Hijri una siku 354 hivi, kwa hiyo chukua mwaka huo zidisha kwa 0.97 halafu jumlisha 622. Mwaka 1350 unakuja 1931 na kidogo. Ukitaka siku yenyewe kuna vikokotoo kwenye simu.

Halafu ofisi. RITA ndo wenye kumbukumbu za vizazi na vifo, lakini usitegemee kumpata bibi wa miaka ya arobaini, hasa aliyezaliwa kijijini. Wakati wa mkoloni usajili wa lazima uliwalenga kwanza Wazungu na watu wa Asia, kwa hiyo ukoo wenye asili ya ng'ambo una bahati kidogo kuliko wetu wengine, jaribu pia vifo, na jaribu ndugu za bibi wa kiume. Kiapo cha kuzaliwa alichoapiwa bibi kwa wakili usikichukue kama ushahidi wa tarehe, ni ushahidi wa kile mtu alichosema siku hiyo.

Nyaraka za Taifa makao yake ya utafiti ni Dar, Upanga. Wanazo karatasi za Mjerumani na za Mwingereza. Nenda na kitambulisho, barua ya utambulisho, na jambo moja tu unalotafuta, ukienda na "nataka historia ya ukoo wangu" watakuangalia tu. Sema "nataka vitabu vya wilaya ya Mpwapwa". Hivi vitabu vya wilaya wakuu wa wilaya wa Kiingereza walikuwa wanaandika koo, watemi, mipaka, na vinakufaa zaidi kwa upande wa mama Mgogo kuliko wa baba Mwarabu. Kwa mwenye duka tafuta Gazeti la Serikali la zamani, humo matangazo ya mirathi yalikuwa yanachapishwa, mfanyabiashara akifa bila wosia jina lake linatoka.

Kwenye uraia, kumbuka sheria ya Uhuru ya 1961. Aliyezaliwa Tanganyika na mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika akawa raia moja kwa moja, wengine wakapewa miaka miwili waombe kuandikishwa. Kwa hiyo kama kuna ndugu wa bibi aliyezaliwa ng'ambo, kati ya 1961 na 1963 inawezekana alijaza fomu mahali, na fomu hiyo ina jina la baba na mahali alipozaliwa. Angalia sanduku tena.

Kama upande mmoja ni Wakristo nenda kanisani, vitabu vya ubatizo vya zamani vina wazazi na wasimamizi. Huku kwetu wamisheni wa CMS (Church Missionary Society, Waanglikana wa Uingereza) walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika imeanza 1927. Karatasi za CMS zenyewe ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Usisafiri, unaandika barua pepe.

Hatua ya 5: alifikaje huku bara?

Jiulize hivi kabla hujavuka bahari, kwa sababu mwaka wa kufika unakwambia utafute kwa nani. Kabla ya reli ni misafara, na Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara. Reli kutoka Dar ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, na baada yake maduka yakachipua kila stesheni. Majahazi ya kutoka Arabuni na India yalikuja na kaskazi, kuanzia Disemba hivi, yakarudi na kusi. Bibi alisema baba yake alikuwa kila kusi ikianza anakaa mlangoni ananuna. Bara! Kusi ya huku inakuletea vumbi tu, lakini yeye alikuwa anaihesabu.

Baada ya hapo tafuta jamii yake iliyoko pwani. Washihiri wako Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, na koo zao nyingi zinatunza shajara, mti wa nasaba ulioandikwa. Hapa sasa sikiliza vizuri. Shajara nyingi zinaandika wana wa kiume. Ukipiga simu ukauliza "bibi yangu yumo?" watakwambia hayumo, na utakata simu ukiwa na uchungu. Uliza baba yake, uliza kaka zake. Watoto waliozaliwa huku na mama Mwafrika waliitwa muwallad, na wapo walioandikwa na wapo walioachwa. Sisi tulimkuta babu, na kaka mmoja wa bibi, na mstari ukaishia hapo. Yule dada wa Tanga ndo aliyetufungulia, wajukuu zake walikuwa na barua kutoka kwao yenye jina la kijiji karibu na Seiyun, huko Hadhramaut.

Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani, nazo zina hazina ya Waarabu na Wahindi. Kwa Yemen, Aden ilikuwa inatawaliwa kupitia India mpaka 1937, kwa hiyo karatasi za zamani za huko ziko kwenye mafaili ya India ndani ya British Library, London. Watu hawategemei hilo.

Kama bibi yako siyo wa Kiarabu, hatua ni zilezile ila milango tofauti, napita haraka. Wahindi: jua kwanza jamii, Ismailia, Ithnaasheri, Bohora, Hindu wa Lohana au Patel, Singasinga, kwa sababu kila jamii ina daftari lake na mengine yameandikwa Kigujarati, tafuta mzee wa kukusomea. Wengi wa huku walitoka Kutch, Kathiawar na Gujarat. Jina linaloishia "-ani" mara nyingi limetokana na jina la mzee mmoja wa zamani. Na kwa Wahindu, pale Haridwar India kuna makuhani wanaotunza vitabu vya koo kwa vizazi na vizazi. Wabaluchi asili yao Makran na wengi walikuja kama askari wa sultani wa Zanzibar. Wanubi wa huku wengi wanatokana na askari wa Kisudani ambao Wissmann, kamanda wa Kijerumani, aliwachukua Misri 1889, mwaka uleule Mjerumani aliweka kituo Mpwapwa. Wamanyema asili yao mashariki ya Kongo. Wagiriki wengine walikuja na kandarasi za hiyo reli. Na kama uko Kondoa ukasikia habari za bibi wa Kipolandi usicheke, wakati wa vita vya pili kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland hapo.

Hatua ya 6: mama yake, yule "mwenyeji"

Nilisema ntarudi. Kila mtu kwetu alikuwa na hamu na Yemen. Mama yake bibi, Mgogo wa kijiji cha juu ya Mpwapwa, hakuna aliyemuuliza. Nikaenda. Ukifika kwa wazee usiingie na "mambo", ni mbukwenyi kwanza, kaa chini, kunywa ulichopewa. Halafu uliza mbeyu, yaani ukoo, na uliza mwiko wa ukoo huo, mnyama au kitu wasichokula au kugusa, kwa sababu jina la ukoo watu wanalisahau ila mwiko mama anamfundisha mtoto. Bibi hajui mbeyu ya mama yake lakini anajua kitu ambacho mama yake hakuruhusu kiingie jikoni. Kwa hicho kitu tu, mzee mmoja akanitajia ukoo.

Na unajua ukoo huo wanasema wametoka wapi? Uheheni. Siyo wao tu, koo nyingi za Kigogo zinasimulia zilitoka nje, Uhehe, Unyamwezi, Ukimbu, Ukaguru. Kwa hiyo yule mwenyeji wa bibi naye ni mgeni wa mapema kidogo. Nilimsimulia bibi, akasema "basi wote walikutana njiani".

DNA, kwa wenye hela

Inasaidia ila ijue mipaka yake. Vipimo vya kawaida vinapima pande zote mchanganyiko, babu mmoja wa kizazi cha tatu anakuachia wastani wa asilimia 12.5 tu, na kampuni nyingi zina sampuli chache za watu wa kwetu kwa hiyo majina ya nchi wanayokupa ni makadirio. Mstari wa mama kwa mama kwa mama unapimika kwa mwanamke au mwanaume yeyote. Lakini mstari wa baba kwa baba haumo kabisa kwa mwanamke. Ukitaka kujua wa baba yake bibi, bibi hafai, wala mama yako hafai, wala wewe. Unahitaji kaka yake, au mtoto wa kiume wa kaka yake. Kampime huyo kabla hajazeeka zaidi. Na mwambie ukweli kwamba majibu yanaweza kuonyesha mtu siyo mtoto wa aliyemlea, akikataa mwache.

Mambo ya aibu

Yatakuja. Ukirudi nyuma ya 1922, mwaka ambao utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika, kuna bibi wa mtu atakuwa alinunuliwa, au alikuwa suria, na familia inaficha kwa kusema "alikuwa Mmanyema" au "alilelewa pale nyumbani". Usimbane mzee mbele ya wajukuu. Akisema "hilo tuache", zima rekodi kweli, aone umezima. Mara nyingi anakuita mwenyewe siku nyingine. Na usitupe mambo ya hivyo kwenye grupu la WhatsApp la ukoo saa nne usiku, nimeona ndugu hawazikani kwa sababu hiyo.

Kuandika

Programu zipo, Gramps ni ya bure, FamilySearch ni ya bure na ina hata nasaba za mdomo kutoka nchi kadhaa za Afrika. Mimi naanza na karatasi kubwa ya manila. Kila mtu andika jina, nani kakwambia, na lini. Ukisikia mawili yanayopingana andika yote mawili usichague. Wanawake waandike majina yao wenyewe, siyo "mke wa".

Na acha nafasi. Nilipomletea bibi ile manila nikaitandika sakafuni nikamsomea, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kidole kati ya jina lake na la mdogo wake wa wakati wa karanga, akasema hapa palikuwa na mwingine, alikaa siku arobaini, aliitwa jina la yule shangazi wa Tanga. Sikuwa nimeacha nafasi, ikabidi nimwandike pembeni kwa kalamu nyekundu.